Steven Kanumba: Mtoto wa Shinyanga aliyefika Gatsata bila pasi

KILA mwezi Aprili unapokaribia, mimi hukumbuka misiba miwili. Wa kwanza ni wa taifa zima, nao hauna mfano wala kipimo. Wa pili ni mdogo. Ukiuweka kando ya ule wa kwanza ni kama tone mbele ya ziwa, na kwa miaka mingi niliona haya kuutaja mbele za watu. Ni msiba wa mwigizaji wa filamu wa Tanzania, Steven Charles Kanumba, aliyefariki dunia usiku wa kuamkia Jumamosi, Aprili 7, 2012.

Mwaka huu nimeamua kuutaja. Kilichonisukuma ni jambo dogo tu. Jirani yangu hapa Gatsata, mama mmoja mwenye bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, ametundika CD za zamani kwenye vijiti ili zimetemete juani na kuwafukuza ndege. Siku moja wanafunzi wangu wawili walipita pale, wakageuza CD moja, wakakuta upande wa pili picha ya kijana mtanashati, imepauka kwa jua na mvua. Wakaja kuniuliza ni nani huyo. Nilipowajibu kuwa ni Kanumba, walinitazama tu. Jina lile kwao lilikuwa geni kabisa.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mliorudi kutoka Kagera, Kigoma, Bujumbura, Goma na Kampala, na ninyi mnaoamka saa tisa usiku ili kuwahi gari la Rusumo au Gatuna, najua hamhitaji kuelezwa Kanumba alikuwa nani. Lakini watoto wetu wanahitaji. Na sisi wenyewe, nadhani, tuna deni kwa marehemu ambalo hatujawahi kulikiri.

Utoto wa Shinyanga

Kanumba alizaliwa Januari 8, 1984 mkoani Shinyanga. Baba yake ni Mzee Charles Kanumba, na mama yake ni Bibi Flora Mtegoa, ambaye baadaye Tanzania nzima ilimfahamu kwa jina la Mama Kanumba. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi mjini Shinyanga, kisha akajiunga na Sekondari ya Mwadui.

Mwadui ni mahali penye historia yake. Ndipo mwaka 1940 mtaalamu wa madini kutoka Kanada, Dk. John Williamson, alipogundua almasi, na mgodi ule ukawa miongoni mwa migodi ya almasi iliyojulikana sana duniani. Nje ya uzio wa mgodi, hata hivyo, maisha yalikuwa yale yale ya Usukumani: pamba, mtama, ng'ombe, na vumbi jeupe linalokufuata mpaka kitandani.

Ninaifahamu vumbi hiyo kwa sababu nami niliila. Wazazi wangu walivuka mto Akagera wakiwa watoto, mwanzoni mwa miaka ya 1960, nami nikazaliwa Karagwe miaka miwili kabla ya Kanumba. Darasa la kwanza mpaka la saba nilisoma hukohuko Karagwe, na sekondari nikapelekwa mkoani Shinyanga, kwa mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo Isaka. Wafanyabiashara mnaijua Isaka. Ndiko reli ya kutoka Dar es Salaam inakoshusha mizigo ya Rwanda, na ndiko magari makubwa yenye namba za Kigali yalikokuwa yakijipanga kusubiri. Jioni nilikuwa nikienda kuyatazama magari yale kama mtu anayetazama picha ya nyumbani kwao ambako hajawahi kufika.

Sikuwahi kukutana na Kanumba. Tulikuwa vijana wawili wa mkoa mmoja, kila mmoja akitamani kwenda mahali pengine. Yeye alitamani Dar es Salaam. Alihamia huko, akasoma katika seminari ya Kikristo, kisha akaendelea na kidato cha tano na cha sita katika Sekondari ya Jitegemee. Mimi nilitamani Kigali, nikafika mwaka 2004 nikiwa na cheti cha ualimu na begi moja.

Kaole yamtoa

Vijana wa leo wanaweza kushangaa wakiambiwa kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar ilitangulia kwa miaka ishirini hivi. Kwa hiyo kizazi cha akina Kanumba kilikuwa cha kwanza Bara kukua na ndoto ya kuonekana kwenye kioo na kuzungumza Kiswahili. Kabla ya hapo mwigizaji alikuwa mtu wa jukwaani au sauti ya redioni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikundi vya sanaa vilichipuka Dar es Salaam kama uyoga, na kilichovuma kuliko vingine ni Kaole Sanaa Group, kilichoonekana kupitia ITV. Kanumba alijiunga nacho mwaka 2002. Humo ndimo walimokuwamo Vincent Kigosi, maarufu kwa jina la Ray, na Blandina Chagula, ambaye watu wengi wanamjua kama Johari. Michezo kama Jahazi, Dira, Zizimo, Tufani, Gharika na Baragumu ndiyo iliyomfanya mtoto wa Shinyanga aanze kunyooshewa vidole barabarani.

Kaole ilikuwa chuo. Mchezo wa kila wiki hauna huruma. Watazamaji wanakuona leo, na kesho sokoni wanakuambia ulipokosea. Mwigizaji hujifunza kusubiri mwenzake amalize, kutumia macho pale maneno yanapokwisha, na kulia bila kupiga kelele. Kanumba alijifunza hasa hili la mwisho. Hakuna aliyekuwa akilia kwenye kioo kama yeye. Machozi yake yalikuja polepole, mtazamaji akitangulia kulia kabla yake.

Dar mpaka Lagos

Miaka ileile filamu za Nigeria zilikuwa zimeingia Afrika Mashariki kwa kishindo. Ziliwafundisha vijana wa Dar es Salaam jambo moja: kwamba filamu haihitaji mamilioni ya Hollywood. Inahitaji kamera ya video, nyumba ya kuazima, gari la kuazima, na kisa kinachomhusu mtazamaji: mke na mawifi, maskini na tajiri, mganga na mchungaji. Filamu ilipigwa kwa siku chache, ikagawanywa sehemu mbili ili mnunuzi anunue mara mbili, ikapelekwa kwa msambazaji. Jina la nje lilikuwa la Kiingereza, mazungumzo ya ndani Kiswahili kitupu. Zilianza kwenye kanda za video, zikaja kwenye CD na DVD. Watu wakaziita Bongo Movie.

Kanumba hakuridhika na kuigiza tu. Aliandika visa, akaongoza, akaanzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film. Jina hilo la The Great, yaani Mkuu, wapo waliolicheka. Lakini alikuwa mtu wa kuthubutu. Wakati wenzake waliziogopa filamu za Nigeria kama mshindani, yeye alikwenda kuwatafuta Wanigeria wenyewe. Katika Dar to Lagos aliigiza na Mercy Johnson, na katika Devil Kingdom aliigiza na Ramsey Nouah, mtu ambaye sura yake ilikuwa imeenea Afrika nzima. Ilikuwa mara chache sana kwa msanii wa Tanzania kusimama bega kwa bega na majina ya ukubwa ule.

Nyumbani nako hakulala. Filamu ya Oprah, ya mwaka 2008, aliyoigiza na Ray pamoja na Irene Uwoya, ilizungumzwa vibandani kwa miezi. Sisi wa Kigali tukapata sababu ya ziada ya kujidai mwaka 2009, Irene alipoolewa na Hamad Ndikumana, marehemu Katauti, aliyepata kuwa nahodha wa timu yetu ya taifa, Amavubi. Tangu siku hiyo mafundi wa Gatsata walimwita Irene shemeji, na Kanumba wakamhesabu kuwa ndugu wa shemeji.

Filamu isiyohitaji msobanuzi

Hapa inabidi niwaeleze wasomaji wa mbali Gatsata ni mahali pa namna gani. Ni upande wa pili wa Nyabugogo, penye stendi kuu ya mabasi ya Kigali, barabara ya kwenda Gatuna ikipita katikati. Ni mji wa vipuri na magereji. Injini za magari zimepangwa mlangoni kama mafungu ya viazi, mafundi wamelala chini ya magari, na madereva kutoka Mombasa, Kampala na Dar es Salaam wanasubiri kurekebishiwa breki. Wakati mimi nahamia, lugha ya magereji ilikuwa mchanganyiko wa Kinyarwanda na Kiswahili, na jioni ikifika mafundi walinawa mikono kwa petroli wakaenda kwenye vibanda vya video.

Kwenye vibanda hivyo filamu za kigeni zilionyeshwa kwa msobanuzi, yaani mtu anayeeleza kisa chote kwa Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji. Zinaitwa agasobanuye. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Nkusi Thomas, maarufu kwa jina la Yanga, aliyefariki dunia mwaka 2022. Yanga aliweza kumfanya mwigizaji wa Hong Kong aonekane kama kijana wa Nyabugogo.

Lakini ilipowekwa filamu ya Kanumba, sisi tuliotoka Tanzania, Burundi na Kongo hatukuhitaji msobanuzi. Tulicheka kabla ya wengine kucheka. Wenzetu waliokulia hapa, wengi wao wakijua Kiswahili cha gereji tu, walitugeukia watuulize amesema nini. Kwa muda wa saa mbili mambo yalipinduka. Mchana sisi ndio tuliokuwa tukiuliza.

Asiyepitia hali hiyo hawezi kuielewa upesi. Mimi nilipofika shuleni kwa mara ya kwanza nilizungumza Kinyarwanda cha bibi yangu, cha zamani, chenye lafudhi ya Karagwe. Walimu wenzangu waliosoma hapa walikuwa na Kifaransa ambacho mimi sikuwa nacho. Wengine waliotoka Uganda walikuwa na Kiingereza cha kutiririka. Mimi nilikuwa na Kiswahili, na Kiswahili siku zile kilihesabiwa kuwa lugha ya madereva, ya wanajeshi, ya wachuuzi, ya Biryogo. Wanafunzi waliniiga nikigeuka kuandika ubaoni. Nikazoea kufikiri kwa Kiswahili na kunyamaza kwa Kinyarwanda.

Kanumba alinikuta katika hali hiyo. Alivaa suti safi, akaendesha gari zuri, akampenda msichana, akamlilia mama yake, yote kwa lugha yangu. Sidhani kama alijua kuwa kazi yake ilikuwa ikimfanyia hivyo mwalimu mmoja wa Gatsata. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alivyochekwa naye

Kwa nini basi nasema tulifanana? Kwa sababu hata yeye alichekwa kwa sababu ya lugha. Mwaka 2009 alialikwa kuingia kama mgeni katika jumba la Big Brother Africa, kipindi kilichotazamwa nchi nyingi za bara hili, ambamo mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Alizungumza kama Mtanzania wengi wetu tuliyesoma shule za kawaida tunavyozungumza, kwa kutafuta maneno. Watanzania wenzake wakamgeuza kichekesho. Vijiweni na magazetini Kiingereza cha Kanumba kikawa mada ya wiki.

Mtu mwingine angejificha. Yeye aliendelea na kazi, akaendelea kuigiza na wageni, akaendelea kujifunza mbele za watu. Mwaka huohuo wa 2009 shule za Rwanda zilianza kugeuza lugha ya kufundishia kuwa Kiingereza, kufuatia uamuzi wa serikali wa mwaka 2008, nasi walimu wa rika zote tukarudi darasani jioni kujifunza upya. Nilipokosea na kuchekwa, nilimkumbuka Kanumba, nikainua mkono tena.

Maji hufuata mkondo. Mwaka 2017 Bunge letu lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Leo nakifundisha darasani kwa mshahara, lugha ileile niliyokuwa nikiionea haya. Kanumba hakuiona siku hiyo.

Tulimpenda, tukamwibia

Sasa nifikie lile deni nililolitaja mwanzo. CD za Kanumba zilifikaje hapa? Ninyi wafanyabiashara wa mpakani ndio mnaojua. Zilikuja katikati ya magunia ya mchele wa Kahama, zikaja kwenye mabegi ya kanga na vitenge, zikaja chini ya viti vya madereva wa malori. Nyingi hazikuwa halali. Moja ilinunuliwa Dar es Salaam, ikanakiliwa mara mia njiani, na ilipofika Nyabugogo CD moja ilikuwa na filamu sita, jalada limechapwa kwa mashine ya ofisini na sura ya Kanumba imekuwa ya kijani.

Kwa wenzake wa Dar es Salaam wizi huo ulikuwa kilio cha kila siku. Msanii wa filamu hizi aliuza kazi yake kwa msambazaji, na baada ya hapo nakala zilizoenea Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi hazikumrudishia chochote. Umaarufu wake ulikuwa wa Afrika Mashariki na Kati, mapato yake yakawa ya Kariakoo.

Nami nilinunua nakala hizo. Nilizinunua nyingi. Mwalimu wa maadili, siku za Jumamosi, alikuwa akichagua CD za wizi kwenye meza ya kijana wa Nyabugogo na kuomba apunguziwe bei. Siandiki haya ili kumlaumu mtu. Nakiri tu kwamba tulimpa mapenzi yasiyomnunulia hata kilo ya sukari.

Nyumba ya mtu maarufu

Wengi hudhani mtu maarufu ana nyumba iliyojaa raha. Kanumba alikuwa na watu wengi barabarani kuliko mezani. Wazazi wake waliishi mbalimbali, baba Shinyanga, mama Bukoba, naye Sinza, Dar es Salaam, ambako aliishi na mdogo wake. Ukichora mistari kati ya miji hiyo mitatu utapata pembe tatu ambayo kila upande wake ni safari ya basi.

Mapenzi yake yalikuwa mali ya magazeti ya udaku. Kila binti aliyeigiza naye alihesabiwa kuwa mchumba wake, na uhusiano wake na aliyekuwa Miss Tanzania wa mwaka 2006, Wema Sepetu, ulifuatiliwa kama mechi ya Simba na Yanga. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye fedha ya ghafla, hana mahali pa kukosea faraghani.

Cha ajabu ni kwamba miongoni mwa kazi zake zilizopendwa sana majumbani ni zile alizoigiza na watoto, This Is It na Uncle JJ. Humo hakuna suti wala majumba ya kifahari yanayokumbukwa. Kinachokumbukwa ni mtu mzima anayehangaika na watoto watundu, akikasirika, akicheka, akishindwa. Nimezitazama mara nyingi. Mara kwa mara nimejiuliza kama hakuwa akijijengea kwenye kioo ile nyumba yenye kelele za watoto.

Aprili 7

Usiku ule nyumbani kwake Sinza alikuwa na msichana mwigizaji, Elizabeth Michael, maarufu kwa jina la Lulu, aliyekuwa bado mdogo sana kwa umri. Ulitokea ugomvi chumbani, Kanumba akaanguka. Hakuamka tena. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kuwa ubongo ulikuwa umepata mtikisiko. Alikuwa na umri wa miaka 28 na miezi mitatu, na miaka 10 tu ya kazi tangu aingie Kaole.

Shauri lilichukua miaka mingi. Lulu alishtakiwa kwanza kwa mauaji, baadaye shtaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Novemba 2017 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka miwili, na Mei 2018 alitoka gerezani kumalizia adhabu yake nje. Mahakama imesema, nami sina la kuongeza, ila kwamba nyumba mbili zilipoteza vijana wao usiku mmoja, kila moja kwa namna yake.

Kwetu habari ilifika asubuhi, kwa ujumbe wa simu kutoka kwa dereva aliyekuwa Kahama. Nilikuwa navaa ili kwenda kwenye kumbukumbu ya mwaka wa 18 ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mnaijua wiki ile ilivyo. Muziki unazimwa, vibanda vya video vinafungwa, watu wanakusanyika mtaani kusikiliza ushuhuda. Nilikaa kwenye benchi karibu na fundi mmoja aliyepoteza wazazi na ndugu zake wote mwaka 1994. Mfukoni mwangu simu ilitetemeka bila kukoma, kila ujumbe ukizungumzia Kanumba. Niliizima. Ningewezaje kumlilia mwigizaji mbele ya mtu yule?

Alipozikwa Aprili 10 katika makaburi ya Kinondoni, maelfu kwa maelfu walijaa viwanja vya Leaders kumuaga, Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal na Mama Salma Kikwete wakiwa miongoni mwao. Watu walizimia kwa wingi wa umati na majonzi. Sisi wa Gatsata tulisikiliza redio kwa sauti ya chini, milango imefungwa. Jioni yule fundi alibisha hodi kwangu. Alikuwa amesikia. Aliketi, akaniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli. Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akanieleza kwamba katika miaka yake ya upweke filamu za yule kijana ndizo zilizokuwa zikimtoa chumbani usiku. Akanipa pole. Yeye, katika wiki ile, ndiye aliyenipa pole mimi.

Simu ya Karagwe

Alipoondoka nilifanya jambo nililolikwepa kwa miaka mitano. Nilimpigia simu baba yangu.

Tulikuwa tumekosana kwa sababu ya kurudi. Yeye alikataa kuondoka Karagwe. Alisema amekwisha zika wazazi wake pale, ng'ombe wake wako pale, na nchi aliyoikimbia akiwa mtoto haimdai kitu. Mimi kwa ujana wangu nilimjibu maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Tangu hapo kila mmoja alisubiri mwenzake aanze. Siku ile, baada ya kusikia jinsi habari ya kifo cha Kanumba ilivyomfikia mama yake Bukoba na baba yake Shinyanga, kila mmoja mahali pake, niliogopa.

Baba alipokea. Hakuuliza kwa nini nilikaa kimya. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akanieleza kuwa kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika kwenye redio kusikiliza mazishi ya kijana wa Kisukuma.

Mwaka uliofuata, 2013, maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa wakiishi Kagera waliposhika njia ya Rusumo, naye alikuwa miongoni mwao. Nilimpokea mpakani akiwa na fimbo yake na mkoba mmoja. Kama tusingekuwa tumepatana, sijui angeshuka kwenye lile lori akimtafuta nani. Aliishi nami hapa Gatsata miaka saba mpaka alipofariki. Kinyarwanda cha wajukuu kilimpita kasi, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuungaunga, basi jioni waliketi pamoja mbele ya Uncle JJ. Watoto walijifunza Kiswahili kwa Kanumba, na babu akajifunza wajukuu.

Kilichobaki

Baada ya kifo chake kazi alizokuwa amekwisha kupiga ziliendelea kutoka, zikiwamo Ndoa Yangu na Love & Power. Watu walinunua huku wakilia. Kisha CD zenyewe zikapitwa na wakati, simu zikaja, vibanda vikafungwa kimoja kimoja. Waigizaji wapya wakapata nafasi, na ndivyo dunia ilivyo.

Wale wanafunzi wangu wawili niliwaeleza yote haya kwa kifupi. Mmoja aliniuliza swali la mtoto: kama alikuwa maarufu hivyo, kwa nini amekuwa kitisho cha ndege? Nilimjibu kwamba umaarufu hupauka juani kama picha ile. Asichopauka nacho mtu ni kile alichokiacha ndani ya watu, na mimi najua alichokiacha ndani yangu: aliniondolea haya ya lugha yangu, na kifo chake kikanirudishia baba.

Nilimwomba jirani ile CD, nikampa nyingine mbili zinazong'aa zaidi. Haichezi tena. Nimeiweka kwenye rafu ya vitabu, karibu na kamusi.

Mungu ailaze roho ya marehemu Steven Kanumba mahali pema peponi. Amina.